Uzi wa Mama Mkwe

Desemba ile nilikwenda ukweni Muheza, mara ya pili tangu nioe. Mara ya kwanza nilikaa mkekani kama mgonjwa, sikula, sikucheka, nikasifiwa kwamba nina adabu. Safari hii nikaletewa sinia la maembe, yale madogo ya kienyeji yenye nyuzi, ambayo ukimaliza kulifyonza kokwa linabaki na ndevu kama mzee wa baraza. Nikala manane. Adabu ikaishia hapo.

La mwisho liliniachia uzi kati ya magego mawili ya chini, kulia. Aliyewahi kunaswa anajua: ulimi haukai tena. Unaongea na watu huku wenyewe uko kazini. Nikaanza na ukucha, haukufika. Njiti ya kiberiti, nene. Nikachomoa chelewa kwenye ufagio wa uani. Hiyo ilipita vizuri sana, ikafika kwenye ufizi, ikakatikia humo humo. Sasa nina uzi wa embe, ncha ya ufagio, na mate yenye ladha ya damu.

Ndipo nikakumbuka kuna watu husafisha meno kwa uzi. Na uzi ulikuwepo: barazani kulikuwa na cherehani ya mama mkwe, ile ya kukanyaga kwa miguu, uzi mwekundu umekaa juu yake. Mkasi sikuuona. Nikasema nitavuta kidogo tu, nitumie, nirudishe. Ndiyo, nilifikiria kuurudisha.

Uzi wa kushonea si wa meno. Umesokotwa, ukilazimishwa penye kubana unachanika vinyuzinyuzi na kunasa. Wangu uliingia kwa nguvu, ukatua chini, ukagoma kutoka. Nikiuvuta juu, naona gego linataka kuja nao. Nikiuvuta pembeni, cherehani inanipa uzi mwingine. Nikabaki nimeinama mbele ya ile cherehani, mdomo wazi, nimefungwa kama mbuzi wa Idi.

Mama mkwe akatokeza.

"Baba, unashona?"

"Aa-aa, ama." Hiyo ni "hapana, mama" ya mtu asiyeweza kufunga mdomo.

Akavaa miwani. Akaufuata uzi kwa macho kutoka kwenye cherehani mpaka mdomoni kwangu, kisha akarudi nao mpaka kwenye cherehani, kuhakikisha. Hakucheka. Mama huyu alicheka mara moja tu siku ya harusi yetu, tena nadhani kwa bahati mbaya. Akaushika uzi karibu kabisa na kidevu changu na, kwa mazoea ya fundi, akainamisha kichwa akaukata kwa meno.

Kwetu mkwe hata mkipishana mlangoni unaangalia chini. Sisi tulikuwa tumeng'ata uzi mmoja. Shemeji yangu, aliyekuwa anakuja na chai, akageuka na sinia lake bila kumwaga hata tone.

Nilirudi Dar kwa basi na mkia mwekundu unaning'inia pembeni mwa mdomo. Kufika Chalinze, jirani yangu wa kiti akaniambia kwa upole, "Kaka, shati lako linafumuka." Akauvuta.

Daktari wa meno aliutoa kwa sekunde chache. Kipande cha chelewa nacho akakipata, akakitazama, hakuuliza. Akanieleza kwamba gego nililong'oa zamani limemwacha jirani yake bila mwenza, naye amelala upande na mwanya umefunguka chini, kwenye ufizi. Uzi wa meno, ule wenye nta, unakata kama sentimita 45 na kuuzungushia vidoleni, unafaa palipobanana. Pangu panataka brashi, vile vibrashi vidogo vya waya. Akavimwaga mezani, rangi kwa rangi. Mimi Simba damu, nikadaka chekundu.

"Rangi siyo timu," akasema, "ni kipimo." Chekundu cha kampuni iliyovitengeneza ni milimita 0.5, kilipita mwanyani mwangu bila kugusa ukuta. Cha bluu, 0.6, nacho kikapwaya. Kilichokaa sawasawa, kinapita bila kusukumwa kwa nguvu, ni cha 0.8.

Kijani. Kijani cha Yanga, watu wa Jangwani.

Nikamuuliza kama hakuna 0.8 nyeupe. Hakuna.

Juzi limekuja tenga la maembe kwa basi kutoka Muheza. Juu kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa fundo, kulikuwa na uzi mwekundu, mpya, na mkasi.