Baki Lililozidi Kigawanyo

Mwaka wa tatu chuoni nilijiona nimemkamata Kummer. Ndiye yule mwanahisabati Mjerumani aliyechapisha mwaka 1850 uthibitisho kwamba mlinganyo wa Fermat (xⁿ + yⁿ = zⁿ) hauna jibu la namba nzima zisizo sifuri, kipeo n kikiwa namba tasa yenye adabu. Chini ya 100 zilizomgomea ni tatu tu: 37, 59 na 67. Hizo ndizo korofi, maana kila moja inagawanya bila baki kiasi (namba ya juu ya sehemu) cha namba fulani ya Bernoulli, mfuatano maarufu wa sehemu, ambayo nafasi yake iko nyuma ya namba tasa hiyo. Ukorofi wa 37 unaonekana kwenye ile ya 32, ambayo kiasi chake, ukiacha alama ya hasi, ni 7,709,321,041,217.

Usiku wa kuamkia semina nikatoa kikokotoo changu cha tarakimu kumi, ambacho kitufe cha 7 hakisikii mpaka ukipige kofi. Nikagawa kwa 37. Kikaniletea 2.083600281 mara 10 kwa kipeo cha 11. Nikazidisha kwa mkono kurudi nilikotoka: 7,709,321,039,700. Pungufu, 1,517. Kumbe haigawanyiki! Vitabu vyote vimekosea! Sikulala, nilikuwa nachagua suti ya siku ya tuzo.

Asubuhi nikaandika ubaoni, herufi kubwa: BAKI 1,517. Nikageuka kungoja makofi. Kimya. Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Kijana, umegawa kwa ngapi?"

"Thelathini na saba, Profesa."

"Na baki?"

"Elfu moja mia tano..." Ulimi ukaganda. Hata mtoto wa darasa la nne anajua baki halizidi kigawanyo.

Nyuma mtu akasema, "Igawe tena, bado ina njaa."

Nikaigawa, jasho likinitoka. 37 mara 41, kamili. Hiyo 41 ni tarakimu mbili za mwisho za jibu, ambazo kikokotoo kilizimeza kwa kukosa nafasi.

Profesa hakuhitaji hata kikokotoo. "Hizo koma si mapambo. Jumlisha mafungu." 7 na 709 na 321 na 41 na 217: 1,295. Tena, 1 na 295: 296, yaani 37 mara 8. Inakubali kwa sababu 999 ni 37 mara 27, hivyo kila 1,000 ukiigawa kwa 37 inabaki 1. Sekunde ishirini, na suti yangu ikarudi kabatini.

Mchana kantini nikatoa elfu moja ya chai na chapati. Sauti ikatoka kwenye foleni: "Mama, usisahau kumrudishia baki lake, 1,517."