Uandishi Unasomewa, na Pwani Tulijua Hivyo Zamani

Kijana wa kwetu akitaka kusomea udaktari, uhasibu, hata upishi wa hoteli, familia hukaa chini ikahesabu karo. Akitaja uandishi wa kubuni, huambiwa kwamba hicho ni kipaji: ukiwa nacho utaandika, usipokuwa nacho hakuna mwalimu wa kukupa. Mpwa wangu anaambiwa hivyo tangu matokeo ya Kidato cha Nne yatoke, na kwa kuwa mimi ndiye mjomba aliye Marekani, nimeombwa nimwelekeze kwingine. Sitafanya hivyo. Naishi katika mji ambao watu wanasomea utunzi wa hadithi tangu 1936, na nimezaliwa pwani, ambako utunzi wa mashairi ulikuwa na walimu na wanagenzi wake zamani hata kabla ya hapo.

Mji wenyewe ni Iowa City, mahindi pande zote. Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha hapa warsha ya waandishi ambayo imekuwa mfano kwa vyuo vingi. Mwanafunzi hukaa miaka miwili, na pale ambapo wenzake wa fani nyingine huwasilisha tasnifu, yeye huwasilisha diwani, hadithi fupi au riwaya. Kwetu jina la kukumbuka hapo ni la Taban lo Liyong, Mwafrika wa kwanza kuhitimu katika warsha hiyo, mwaka wa 1968. Oktoba ya mwaka huo huo alikuwa Nairobi, na pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba aliandika waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ikiwemo. Wanaohofia kwamba kusomea uandishi kunamfanya mtoto awe Mzungu wamtazame huyo kwanza.

Kuna jambo moja simwungi mkono. Mwaka wa 1965 Taban alilalamika kwamba Afrika Mashariki ni kame kifasihi. Shaaban Robert alikuwa amefariki miaka mitatu tu nyuma, akiwa ameandika zaidi ya vitabu 20. Mombasa ilikuwa bado ikikariri beti za Muyaka wa karne ya 19. Ukame huo ulionekana kwa aliyekuwa akitafuta mvua kwa Kiingereza peke yake.

Mimi si mwanafunzi wa warsha hiyo. Nahudumia wazee katika makao yao, zamu ya usiku. Ila mji wenye shule kama hii una vikundi vya uandishi kila pembe, na mimi niko katika kimoja kinachokutana maktaba ya umma. Kanuni yetu inatokana na desturi ya warsha: kazi yako ikijadiliwa, wewe unanyamaza. Hujitetei, huelezi ulimaanisha nini. Mwenzetu mmoja, mama aliyetoka Bukavu, Kongo, alileta kisa cha kuvuka mto Ruzizi usiku na mtoto mgongoni. Alikuwa ameandika kwamba aliogopa kupita kiasi, moyo ukamwenda mbio. Muuguzi mmoja mstaafu, aliyekaa mbali kidogo, akauliza: huyo mtoto alikuwa analia au amelala? Mama hakujibu, maana kanuni haimruhusu. Akaandika swali lile pembeni mwa karatasi. Tulipokutana tena alikuja na sentensi tatu mpya: mtoto alikuwa macho, hakulia, alikuwa ameshika sikio la mamake na hakuliachia mpaka ng'ambo. Ile habari ya moyo kwenda mbio alikuwa ameifuta mwenyewe.

Kipaji alikuwa nacho tangu zamani, na kisa alikuwa nacho. Kilichomfikisha kwenye lile sikio ni swali la msomaji makini, na nafasi ya kurudi kuandika upya. Hilo ndilo linalofundishwa. Anayedai kwamba halifundishiki hajawahi kulishuhudia likifanyika.

Kwetu tulifunzwa insha, na naiheshimu sana shule hiyo. Mtoto wa Kenya wa rika langu aliingia chumba cha mtihani na akiba yake: nilirauka alfajiri ya Mungu, nikajitoma hamamuni, nikapata kiamshakinywa, nikashika tariki kuelekea shuleni. Mwalimu alitia vema nyekundu juu ya kila msamiati uliomridhisha. Ile akiba ni mali, na sijaona Wamarekani wakiwapa watoto wao kitu cha kulingana nayo. Sekondari ikaja Karatasi ya Kwanza ya KCSE, insha moja ya lazima na nyingine ya kuchagua, methali au mdokezo, saa inakimbia. Karatasi ya Tatu ikatutaka tuchambue maudhui, wahusika na mbinu katika vitabu vya watu wengine. Kilichokosekana ni siku ya pili. Insha ilirudi na alama zake, 14 kwa 20, daftari likafungwa. Hakuna aliyeniambia: nenda ukaiandike upya, nami nitaisoma tena.

Na jambo hili linaniuma kwa sababu pwani ilikuwa nayo hiyo siku ya pili. Mwanagenzi alipeleka beti zake kwa malenga. Mzee akazisikiliza huku akihesabu mizani kwa vidole, nane na nane kila mshororo, na mahali palipopungua akasimama, akamrudishia. Kina cha kati kikilazimishwa, aliambiwa pale pale. Abdilatif Abdalla alilelewa katika jamaa ya washairi, kaka yake Ahmad Nassir akiwa miongoni mwao. Serikali ilipomfunga 1969 kwa sababu ya kijitabu cha siasa, aliandika mashairi gerezani kwa siri, kwenye karatasi za msalani, na vina vyake vimekaa sawa ubeti baada ya ubeti. Mtu hawezi kufanya hivyo katika hali ile ila awe ameshafunzwa mpaka kanuni zimeingia damuni. Mashairi hayo yalichapishwa 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Huku nako kuna upungufu, na ni vizuri nyumbani wajue. Iowa huwasaidia wanafunzi wake kwa fedha, lakini vyuo vingi vingine haviwezi, na watu hutoka na shahada na deni zito. Pia naona washairi wengi wakisomwa na washairi wenzao tu. Sijasikia shairi jipya likisomwa arusini hapa mtaani. Kwetu shairi huimbwa arusini, hutumwa Taifa Leo, hujibiwa na mtu wa kaunti nyingine asiyekujua hata kwa sura. Wanafunzi wa huku wana walimu, ila wangefurahi mno kuwa na wasikilizaji kama wetu.

Sasa hivi Kiswahili kina tuzo. Ipo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, na Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nazishukuru zote mbili. Lakini tuzo humpokea mwandishi aliyekwisha kufika. Shule ilimwachia kwenye mtihani, tuzo inamngoja na mswada uliokamilika, na katikati hapo, miaka ambayo mswada huwa mbovu na unahitaji jicho la pili, kijana yuko peke yake na simu yake.

Kwa hiyo mpwa wangu nimemwambia asome Kiswahili na fasihi chuo kikuu, kwa sababu kutunga bila kusoma waliotangulia ni kujinyima, na asingoje chuo kimpe siku ya pili. Atafute wenzake wanne watano wanaoandika, waonane kwa ratiba, mwenye kazi anyamaze wengine waseme. Ajira pia ipo: mhariri, mwandishi wa michezo ya redio, mfasiri, mwalimu. Ila hata ingekuwa haipo ningemwambia hivyo hivyo. Kisa cha Ruzizi hakikumpa yule mama mshahara, na sijaona mtu akitoka maktaba pale akiwa amenyoosha mgongo kama alivyotoka yeye jioni ile.

Nina ombi kwa wenzangu tulio nje. Tunachangia matanga na arusi, na ni haki. Tuchangie na hili: chumba katika maktaba ya umma, Mombasa, Kilifi au Lamu, Jumamosi moja kwa mwezi, nakala za miswada ya vijana, na bahasha ya heshima kwa malenga mmoja mzee atakayekubali kuja kuketi nao. Wazee hao wangali hai, na wengi wao hawajaulizwa. Nauli ya malenga ya miezi mitatu ya kwanza naitoa mimi. Aliye tayari kutoa ya mitatu inayofuata aseme, tupange.