Barua Ilikuwa na Adabu

Tangu mke wangu aazime kitabu cha barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, chakula hakiliwi nyumbani kwetu bila mhadhara. "Baba Asha," huniambia huku akipakua maharage, "mwandishi mwenzako naye alikuwa na shida za fedha, lakini aliandika vitabu akiwa karani wa serikali." Ni kweli, yule bwana aliingia forodhani mwaka 1926, na utunzi haukumtoa kwenye mshahara. Hata hivyo, kinachonitia wivu si mshahara wake, ni posta yake.

Barua ya enzi zile ilikuwa na adabu: ilianza kwa salamu, ikauliza hali ya watoto, ikataja mvua na mavuno, na ombi la fedha likajitokeza ukurasa wa pili likiwa limejitanda kanga. Aliyeombwa alipata wiki mbili za kupumua, na zikimwishia alikuwa na haki ya kuisingizia posta. Mimi shangazi yangu wa Muheza ananiandikia maneno mawili tu kwenye simu, "Paa linavuja," na zile alama zikishageuka buluu anajua kwamba nimesoma, kwa hiyo anapiga kabla sijatunga uongo.

Balaa lilizidi redio moja iliponihoji kuhusu riwaya yangu. Kwa hesabu za ukoo wetu, mtu anayesikika redioni hawezi kukosa ada ya mtoto wa binamu yake. Nani atawaeleza kwamba mrabaha wangu, lile fungu la mwandishi kwenye mauzo ya kitabu, hulipwa mara moja kwa mwaka, na kwamba wa safari hii ulikuja na mchanganuo wenye kurasa nyingi kuliko noti? Tena hao hao wanaoamini nimetajirika kwa vitabu, hakuna hata mmoja aliyewahi kununua nakala. Wote husubiri za bure, na mmoja alinirudishia yake akilalamika kwamba herufi ni ndogo.

Juzi nikaamua kumjibu shangazi kwa barua halisi, ya kalamu na karatasi, salamu ukurasa mzima na ukata ukurasa wa pili, nikitumaini kwamba itanipatia nami zile wiki mbili. Mke wangu akaisoma, akaongeza mkato mmoja, akaipiga picha na kuituma. Jibu liliingia nikiwa bado natafuta bahasha: "Mwandiko wako mzuri, mwanangu. Sasa bati ni lini?"