Mrudishieni Bibi Yangu Chale Zake

Jumamosi tumemzika bibi. Picha yake ilikaa mezani chini ya turubai, Mbagala, ndani ya fremu nzuri, na mimi nilishindwa kuitazama. Bibi yangu alikuwa mweusi tii, Mmakonde wa Newala, na usoni alikuwa na chale alizochanjwa akiwa msichana. Huyu wa kwenye fremu ni maji ya kunde, shavu laini, hana hata kunyanzi moja. Mdogo wake, aliyefika na basi kutoka Newala, alipitisha kidole juu ya kioo, akauliza chale zimekwenda wapi.

Nilirudi studio iliyotuchapishia picha, Kariakoo. Kijana wa pale akanijibu kwa upole: "Dada, nilimsafisha tu." Alidhani ni madoa.

Neno hilo limeniuma mpaka leo. Wazazi wetu waliposema kusafisha picha, walimaanisha filamu iingie kwenye dawa gizani hadi sura iliyojificha itokeze. Sasa tunasafisha ili sura iondoke.

Najua hakulianzisha yeye. Kwa miaka mingi maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi za Shirley, na ngozi zetu hazikuwamo kwenye hesabu. Hata leo kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, si cheusi wala cheupe. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera ikiachiwa iamue yenyewe, itaupausha. Mpiga picha anayejua kazi anapunguza mwanga kwa mkono wake. Basi weusi wa mtu unahitaji fundi wa kuutetea, na sisi tunamlipa fundi aufute!

Mchoraji anaweza kumchora mtu ambaye hajawahi kumwona. Kamera haiwezi. Lazima mtu awepo, mwanga umguse yeye, utoke usoni pake uingie kwenye lenzi. Ndiyo maana tunaweka picha msibani: inashuhudia kwamba mtu huyu aliishi, na alikuwa hivi. Ukishaziondoa chale, umemwondoa msichana aliyevumilia wembe, umewaondoa waliomchanja, umeiondoa Newala yenyewe. Wachongaji wa vinyago pale Mwenge wanachonga mti mkavu na bado chale hawazisahau.

Bibi harusi akitaka chunusi itolewe, sawa, sina ugomvi naye. Chunusi wiki ijayo haipo. Picha za pasipoti nazo zina masharti yake. Lakini mzee wa watu, aliyekaa na uso wake zaidi ya miaka sabini, unamsahihisha kwa idhini ya nani? Ulizeni kwanza, jamani. Swali moja tu lingetosha.

Picha yenyewe niliipiga mimi kwa simu, asubuhi, bibi amekaa barazani anapepeta mchele. Bado ninayo. Nimeichapisha upya kama ilivyo, na kwenye arobaini ndiyo itakayokaa mezani. Mdogo wake amesema atakuja tena.