Shilingi ni Kipande, si Mlio

Bibi yangu alifunga pesa zake kwenye pindo la leso. Akikutuma dukani, hulifungua lile fundo polepole, akakutia sarafu kiganjani na kukufumba vidole yeye mwenyewe: "Haya mwanangu, shika thumni hii, usije ukaiangusha njiani." Thumni ilikuwa senti 50. Baadaye nikajua neno hilo ni la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane, nikashangaa, kwa kuwa senti 50 ni nusu ya shilingi. Kumbe hesabu ile ni ya riale, sarafu ya fedha ya zamani. Riale ilikwenda zake, jina la kipande chake likabaki kwenye leso ya bibi.

Kwa sababu ya thumni ile, nina msimamo kuhusu neno shilingi lenyewe. Sisi tulilipokea kwa Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya rupia na florini iliyodumu muda mfupi. Lakini si lao peke yao. Kiingereza cha kale kilisema scilling, Kigothi skilliggs, Kijerumani Schilling, Kideni na Kiswidi skilling. Ni neno la ukoo mzima, na la kale kiasi kwamba wataalamu wanabishania asili yake hadi leo. Wako wanaolitoa kwenye mzizi wa kulia, ule mlio wa sarafu ikigonga meza. Wengine husema limetokana na ngao. Wengine hulirudisha kwenye mzizi wa kukata na kupasua, na mimi niko upande wao.

Mlio unavutia, ila unataka sarafu iwepo kwanza. Waingereza walihesabu kwa shilingi karne nyingi bila kuwa na sarafu yake: katika ufalme wao wa kale wa Wessex shilingi moja ilikuwa peni 5, katika ule wa Mercia peni 4, na sarafu yenyewe ikaja kupigwa zama za Henry VII, karibu na mwaka 1500. Sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7, ziliweka bei ya majeraha: kumkata mtu kidole gumba ni shilingi 20, kumng'oa ukucha wake ni 3. Nako Skandinavia watu walikatakata pete na vikuku vya fedha, wakavipima kwenye mizani. Kwa watu waliolipana hivyo, jina lenye maana ya kipande lingekuja lenyewe, kama thumni ilivyotujia sisi.

Waswidi waliiacha skilling mwaka 1855, Wadeni 1875. Waingereza waliondoa yao katika hesabu mwaka 1971, Waaustria wakaiacha Schilling yao kwa noti na sarafu za yuro mwaka 2002. Leo ukitaka kulisikia neno hili likitajwa na watu wanaoombana kupunguziwa bei, nenda sokoni: Kongowea ya Mombasa, Kariakoo ya Dar es Salaam au Owino ya Kampala.