Kijana akifukuzwa nyumbani, nani ana wajibu wa kumpokea?

Tukikutana Wakenya huku Uingereza, iwe harambee au matanga, hakosi mtu wa kusema kwamba Wazungu hawana utu, mtoto akifika miaka 18 wanamtoa nje, na kwamba kwetu jambo hilo haliwezekani. Nimechoka kulisikia. Baadhi ya vijana wanaolala huku kwenye makochi ya marafiki na ndani ya mabasi ya usiku ni watoto wetu sisi, wametoka kwenye nyumba zinazoongea Kiswahili.

Kinachowakosesha vijana wengi makao huku ni familia kukataa kuendelea kuishi nao. Ugomvi na baba wa kambo, mimba, binti aliyeacha dini ya wazazi, mvulana aliyejulikana kuwa anapenda wavulana wenzake, au watu sita kubanana kwenye vyumba viwili. Wengine walilelewa na serikali, wakafika 18 malezi yakaisha. Wengine ni wakimbizi: wakishakubaliwa tu, wanaanza kuhesabiwa siku za kuhama nyumba waliyopewa. Na kodi haimhurumii mtu. Kijana wa chini ya miaka 35 anayeishi peke yake kwa mwenye nyumba binafsi, kwa kawaida msaada wake wa kodi hupimwa kwa bei ya chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana. Aliye chini ya 25 hupewa posho ndogo kuliko wakubwa zake, ingawa madukani analipa bei ileile.

Niliwahi kumsindikiza binti wa miaka 17 kwenye ofisi ya halmashauri, yaani serikali ya mtaa. Nguo zake alikuwa amezitia kwenye mfuko mweusi wa takataka. Ofisa akampigia mama yake na kuniomba nitafsiri. Mama akasema, "Mwambie arudi siku atakapokuwa tayari kupiga magoti." Kabla sijafungua kinywa, binti alikuwa ameshainamisha kichwa. Ofisa alitaka kumrudisha nyumbani hivyo hivyo. Nikamkumbusha hukumu ya mwaka 2009 ya mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, kwamba kijana wa miaka 16 au 17 asiye na pa kuishi kwa kawaida ni jukumu la idara ya watoto. Akaitwa msimamizi, mazungumzo yakabadilika, na usiku huo binti akalala kwenye nyumba ya familia ya malezi.

Msimamizi yule hakuwa na huruma kuliko mwenzake. Alijua tu kwamba sheria inambana, na hilo ndilo ninaloisifia nchi hii. Sheria ya 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018, inailazimu halmashauri ya England kumsaidia mtu anayestahili tangu anapokuwa katika hatari ya kukosa makao ndani ya siku 56, kabla hajafika barabarani. Utekelezaji, nikiri, mara nyingi unatia uchungu: foleni ndefu, hosteli zisizo salama, na kijana wa miaka 22 kuambiwa hana udhaifu wa kutosha kupewa kipaumbele. Pengo hilo mashirika yanajaribu kuliziba. Centrepoint ilianza Soho, London, mwaka 1969, na hadi leo inahudumia vijana. Nightstop huwaweka kwa usiku mmoja au zaidi katika nyumba za watu wa kujitolea.

Wasomaji wa nyumbani watasema hiyo Nightstop ni kazi ya shangazi. Kweli, na shangazi zetu wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Lakini kijana anayehamishwa kutoka kwa mjomba kwenda kwa shangazi hadi kwa binamu, anayelala sebuleni wa mwisho na kuamka wa kwanza, hahesabiwi popote. Tunamwona akishakuwa chokoraa mwenye chupa ya gamu, na hapo tunamwogopa. Huko Kenya, shirika la Undugu Society limewashughulikia vijana wa mitaani tangu miaka ya 1970, na serikali iliunda hazina ya familia za mitaani mwaka 2003. Katiba ya 2010 inataja haki ya makazi katika Ibara ya 43, na haki ya mtoto kupata makao katika Ibara ya 53. Aliye chini ya 18 angalau ana ofisa wa watoto. Aliyetimiza 19 na kufungiwa mlango usiku huu, hakuna ofisi yenye wajibu wa kumtafutia kitanda. Chifu anaweza kuwaita wazazi na kuwapatanisha, na wengi wanaifanya kazi hiyo vizuri sana, jambo ambalo halmashauri za huku hulilipia wapatanishi. Wakishindwa kupatana, chifu hana pa kumpeleka kijana. Kaunti zipewe wajibu huo kisheria, na bajeti yake.

Kwa vijana wetu walio England: nendeni kabla ya kufukuzwa, mkiwa na chochote cha kuthibitisha hali yenu. Kibali cha kuishi huku chenye masharti ya kutotumia fedha za umma humzuia mtu mzima kupata msaada wa makazi wa halmashauri, lakini hakimfungii aliye chini ya 18 mlango wa idara ya watoto. Na mkikataliwa msaada wa makazi, ombeni uamuzi kwa maandishi, kisha kabla ya siku 21 kwisha pelekeni ombi la kutaka upitiwe upya.