Kilo 50 za kwenye boksi zimemchana shemeji yangu kiganja

Shemeji yangu alinipigia simu kutoka Kilwa Masoko saa tano usiku, na simu ya saa hizo huwa ni msiba, kwahiyo nilipokea nikiwa nimeshakaa kitandani na mke wangu ananitazama usoni. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Ila kiganja chake cha kulia kimeshonwa nyuzi saba. Papa amekula chambo, akakimbia, uzi ukatoka mita mia na kitu, breki ya rili, kile kifaa cha kukunjia uzi wa kuvulia, ikaanza kushika na kuachia, kushika na kuachia, halafu ikaachia moja kwa moja, uzi unatoka tu kama hauna mwenyewe, naye kwa kuchanganyikiwa akaukamata kwa mkono. Uzi wa kusuka jamani, ule mwembamba! Ule ni wembe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kabla hajainunua ile rili alinitumia picha ya boksi lake WhatsApp akaniuliza, shem, hii itamweza papa? Mi nilikuwa chini ya Scania, mikono imejaa grisi, nikamjibu "iko poa shem" bila hata kuikuza ile picha. Boksi limeandikwa breki kilo 50, beringi 13, picha ya papa kafungua mdomo. Nimeiomba ile rili iletwe Mbeya kwa basi, nimeifungua mezani kwangu hapa gereji, na tangu siku hiyo sijatulia, ndo maana naandika.

Mimi kazi yangu ni breki za malori, mwaka wa kumi na nne huu. Nimekulia Kyela, uvuvi nimeuanza utotoni kule Matema kwa mshipi wa mkono tunatafuta mbasa, baadae nilivyooa Kilwa ndo nikakutana na bahari na papa. Na nawaambia kitu kimoja tu leo, mengine chukueni popote: rili ya papa ni breki. Sio kilo zilizoandikwa, sio idadi ya beringi, sio rangi. Breki.

Kila anayeendesha barabara hii ya kwenda Dar anaijua Kitonga, ule mteremko mkali. Lori lenye breki mpya kabisa linaweza kufeli pale, na sababu sio kwamba breki hazina nguvu, kwenye tambarare ya Makambako zinasimamisha gari vizuri tu. Sababu ni joto. Dereva amekanyaga kuanzia juu, laining inachemka, unaanza kusikia ile harufu, na ikishafika hapo unakanyaga pedo mpaka chini na gari linakwenda. Rili iko hivyohivyo. Ndani kuna washa, visahani vya duara, zinasuguana ili uzi utoke kwa shida, samaki achoke. Changu au jodari mdogo anavuta mita ishirini, thelathini, basi, washa hazijapata hata uvuguvugu. Papa mkubwa anavuta mita mia mbili bila kupumzika, anatulia kidogo, anavuta tena, na anaweza kukufanyia hivyo saa nzima. Hiyo ni Kitonga. Nguvu yote anayovuta inageuka joto ndani ya kitu kidogo kama kikombe cha kahawa.

Sasa nilivyofungua ile rili nimekuta washa za kitambaa, zimeungua nyeusi na zimekauka kama ukoko wa wali. Gia kuu meno yamelika. Bodi ya plastiki, ukiibana kwa vidole unaona inapinda, na bodi ikipinda spuli, lile gurudumu linalobeba uzi, inakaa upande na gia zinasagana vibaya. Hiyo ndo wamemwandikia kilo 50.

Na hizo kilo 50 zenyewe tuziangalie. Kilo 50 ni mfuko wa saruji. Chukua ufito wa mita mbili, ning'iniza mfuko wa saruji kwenye ncha, halafu simama kwenye dau linaloyumba uushikilie. Hakuna binadamu wa kufanya hivyo, utaenda majini na ufito wako! Wavuvi wanaojua wanaweka breki robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa ratili 80 ni kama kilo 36, kwahiyo breki yako ni kilo 9 mpaka 12, na hizo 12 uwe umefunga mkanda kiunoni na miguu imeshika sawasawa. Swali la kumuuliza muuzaji ni je, hizo kilo 10 zitakuwa zilezile baada ya papa kukimbia mara tano? Zitatoka laini au kwa kushtukashtuka? Uzi unakatika pale breki inaposhtuka.

Kuna jambo lingine ambalo hata wazoefu wanalisahau, spuli inavyopungua uzi breki inazidi yenyewe bila wewe kugusa kitu. Ukiweka kilo 10 spuli imejaa, uzi ukiisha mpaka kipenyo kibaki nusu, papa sasa anavuta kilo 20, na bado maji yanauburuta ule uzi mrefu ulioko nje. Kwahiyo mtu anayekaza breki papa akiwa mbali anajikatia mwenyewe. Legeza. Najua mwili mzima unakwambia kaza, legeza.

Mi nachagua rili ya kulala, ile inayokaa juu ya ufito, ya breki ya leva unayoikaza kwa kusukuma kimkono, ambayo ndani ina sahani moja kubwa ya kaboni karibu upana wote wa spuli, joto linapata pa kutawanyika. Bodi ya aluminiamu ya kipande kimoja. Ya nyota, ambayo breki yake unaikaza kwa kigurudumu chenye umbo la nyota, pia inafaa kama washa zake ni za kaboni, mfano zile Penn Senator ambazo zimekuwepo tangu 1936, hazina urembo wowote lakini unafungua kwa bisibisi na vipuri vipo. Gia iwe nzito, ya mzunguko mdogo, hakuna anayepanda mlima na mzigo kwa gia ya tano. Uzi wa kutosha, mita 500 kwangu ndo mwanzo wa mazungumzo. Kwenye ndoana waya wa chuma, na juu ya waya kipande kirefu cha nailoni nene, maana ngozi ya papa ni msasa.

Vijana watanibishia kuhusu rili za kusimama, zile zinazoning'inia chini ya ufito. Haya, Stella ya Shimano na Saltiga ya Daiwa zile kubwa zinamweza papa, nimeziona zikifanya kazi, nakubali. Lakini bei yake unanunua bodaboda, na aliyezoesha watu kuamini kila rili ya kusimama inaweza ni hizohizo. Na rili za bei chee zina kazi yake pia, kwa mbasa pale Matema sina neno.

Wazee wa Kilwa wanamkamata papa kwa jarife, ule wavu wa papa, au mshipi na boya, bila rili kabisa, na nawaheshimu. Pia mtu asiniambie papa mkubwa anahitaji kilo nyingi kwenye breki: mwaka 1959 kule Ceduna, Australia, Alf Dean alimtoa papa mweupe wa kilo 1,208 kwa uzi wa ratili 130. Samaki yuko kwenye maji, humnyanyui, unamchosha.

Na kumchosha mapema kuna maana kwa papa mwenyewe. Papa anachelewa kuzaa na anazaa wachache, papa nyundo akipiganishwa muda mrefu anaweza kufa hata ukimwachia. Breki nzuri inamleta karibu angali ana nguvu, unakata waya anaondoka. Shemeji siku hizi anawaachia karibu wote, na hilo nampenda nalo.

Ile yangu ya zamani, Senator, nimeifungua juzi. Nimebadilisha washa zote nimeweka za kaboni, grisi ya breki kidogo sana, sio ile ya beringi za lori. Nimeazima mzani wa kuning'iniza kwa mama anayeuza mchele wa Kyela hapa jirani, nikafunga uzi, nikavuta pole pole mara ishirini mfululizo, ikasoma kilo 9 mara zote. Nimechora alama kwa rangi nyekundu kwenye nyota, nikaifunga kwenye boksi la betri, imeondoka na basi la alfajiri. Nyuzi za kiganja zinatolewa Jumatatu.